"Sound" ya Kiingereza: neno moja au manne?

Swali la msomaji: Mimi ni mfasiri ninayeanza kazi. Nimepewa hadithi ya mabaharia niitafsiri kwa Kiswahili, na katika ukurasa mmoja tu neno "sound" limejitokeza mara nne. Kwanza mabaharia wana-"sound" usiku kucha kwa kuogopa miamba. Kulipokucha meli inaingia mahali panapoitwa "the Sound". Abiria wanashuka "safe and sound". Halafu kengele ya bandarini inatoa "sound". Kamusi yangu inaanza na sauti, inarukia afya, kisha inarukia bahari. Sauti iligeukaje kuwa afya? Na nitajuaje maana ipi ni ipi bila kubahatisha?

Jibu: Ndugu mfasiri, njia unayoitafuta kutoka sauti hadi afya haipo. Hukuiona kwa sababu hakuna aliyewahi kuipita. Ulichokikuta kwenye ukurasa ule si neno moja lenye maana nne, ni maneno manne. Kila moja lilizaliwa kwake, likasafiri karne nyingi kwa njia yake, na mwisho yote yakajikuta yanaandikwa kwa herufi zile zile na kutamkwa vile vile.

Jambo hili unaishi nalo kila siku katika Kiswahili na halikusumbui. Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, kuna kupaa angani na kuna kupaa samaki magamba. Hujawahi kukaa chini ukajiuliza mnyama yule aligeukaje kuwa sehemu ya nyumba. Au tazama "kaa": kaa la moto, kaa wa baharini, kaa kitako. Ukienda kwa ndugu zetu wanaosema Kichewa utakuta kukaa ni "khala" na makaa ni "makala", maneno mawili yasiyochanganyika. Sisi tuliidondosha ile l, tukayaacha yafanane. Hakuna aliyekusudia. Matamshi ya lugha yalisogea, na yaliposogea yakayasukuma maneno ya mbali kwenye kona moja. Hicho ndicho kilichotokea kwa "sound", ila kwa Kiingereza kilitokea mara nne.

Wanaisimu huyaita maneno ya namna hii homonimu, na huyatenga na neno moja lililopanuka. "Mkono" ni neno lililopanuka: mkono wa mwili, mkono wa shati, mkono kama kipimo cha nguo, na mtu aliyetia mkono wake katika jambo. Kutoka maana moja kwenda nyingine unapita hatua kwa hatua, miguu haitoki chini. Kwa "paa" lazima uruke. Mimi hulipima hivyo kila neno linalonitatiza: je, naweza kutembea kutoka maana hii hadi ile, au lazima niruke? Nikilazimika kuruka, naanza kushuku kwamba hapo pana wazazi wawili.

Tuanze na afya, kwa kuwa ndiyo iliyokusumbua, na kwa kuwa ndiyo mwenyeji wa nyumba. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na neno "gesund", yaani mzima, asiyeumia. Kijerumani bado kinalo vile vile, "gesund", na mtu akipiga chafya Wajerumani humwambia "Gesundheit", afya. Waingereza waliidondosha ile "ge" ya mwanzo, wakabaki na "sund", ambayo ndiyo "sound" ya leo.

Maana yake ya msingi ni kutokuwa na ufa. Ukiishika hiyo, matumizi yote yanafunguka. Mwili ambao ni "sound" hauna jeraha wala ugonjwa. Farasi "sound" hachechemei. Boriti "sound" haijaliwa na mchwa wala kuoza ndani. Anayeandika wosia husema ana akili "sound", nasi tunasema akili timamu. Hoja "sound" haina mahali pa kupenyeza kidole, na katika elimu ya mantiki neno hili lina maana kali zaidi: hoja hiyo imepangwa sawasawa na misingi yake yote ni ya kweli. Usingizi "sound" haukatiki. Hata kipigo kikiwa "sound" ni kipigo kamili, kisichobakiza. Hapa huruki popote, unatembea tu, kwa sababu hili ni neno moja lililopanuka.

Na utaona linavyolala sambamba na "-zima" yetu. Mtu hajambo, ni mzima. Chungu ni kizima, hakijavunjika. Usiku mzima, kazi nzima, akili nzima. Kiswahili kimepita njia ile ile kutoka mwili usio na kovu hadi kitu chochote kisichopungua. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, mwana mpotevu anaporudi, mtumishi anasema baba amempokea "safe and sound". Biblia yetu ya Kiswahili inasema tu kwamba amempata tena, "yu mzima". Neno moja limebeba yote mawili. Katika hadithi yako, lakini, usiiache "salama salimini" ipite. Kiingereza kimeunganisha maneno mawili yanayoanza na s, yenye maana zinazokaribiana, ili sikio lifurahi, na Kiswahili kinacho kifungu kinachofanya hivyo hivyo, kwa herufi ile ile. Mfasiri hapewi zawadi kama hiyo mara nyingi.

Kuna jambo moja linalowafanya watu waamini kwamba afya hii ilitokana na sauti. Tangu zamani mwanadamu hugonga kitu ili ajue kama ni kizima. Ukipiga chungu kwa kifundo cha kidole, kisicho na ufa hulia kwa uwazi, chenye ufa hulia kama kimekabwa. Kwenye reli za zamani palikuwa na wafanyakazi wa kazi hiyo hasa: treni ikisimama walipita na nyundo yenye mpini mrefu, wakagonga gurudumu moja baada ya jingine na kutega sikio. Mlio mwangavu, gurudumu zima. Mlio butu, lina ufa. Basi mtu akisikia kwamba "sound" ni uzima na "sound" ni mlio, anajiambia, bila shaka moja lilimzaa mwenzake. Ni dhana nzuri, ila historia inaikataa. "Gesund" lilikuwa kinywani mwa Waingereza karne nyingi kabla lile neno la sauti halijavuka bahari kutoka Ufaransa.

Lile la sauti, kwa kweli, ni mgeni. Asili yake ni Kilatini, "sonus". Kifaransa kililirithi, na baada ya 1066 Wanormani wakaingia nalo Uingereza. Wenyeji walikuwa na maneno yao ya sauti. Moja lilikuwa "sweg", ambalo limekufa kabisa, na jingine bado liko hai kama "din", kelele kubwa ya kuchosha masikio. Sisi tulipita papo hapo: tulikuwa na mlio, mvumo, mshindo na kishindo, kisha tukapokea "sauti" kutoka Kiarabu, ikawa jina la jumla la yote, na yale ya zamani yakabaki na kazi maalumu. Nakuomba ulikumbuke hili utakapofika kwenye kengele yako.

Mgeni huyu alipofika hakuwa na d. Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, aliandika "soun". Ile d ilichipuka baadaye katika vinywa vya watu. Jaribu mwenyewe: tamka n mwisho wa neno, ulimi ukiwa nyuma ya meno ya juu, kisha uachie ulimi huku pua imeshaziba. Kinachotoka ni d. Vinywa vya Waingereza vilifanya hivyo mara nyingi. Ngurumo zamani iliitwa "thunor", leo ni "thunder", wakati Wajerumani, ambao hawakuongeza kitu, husema "Donner". Kutwanga kulikuwa "punian", leo ni "pound". Kwa hiyo d ya sauti haina ukoo. Ukitaka kuwaona ndugu wa kweli wa neno hili, tafuta maneno yenye "son" tupu: "sonata" ya muziki, "unison" ya watu wanaoimba kwa sauti moja, na hata "konsonanti" tunayoifundisha katika sarufi yetu. Konsonanti maana yake ni herufi inayosikika pamoja na nyingine, yaani inayohitaji irabu. Mwana wa "sonus" amekaa ndani ya Kiswahili muda wote huu na wengi wetu tunapita karibu naye bila kumtambua.

Vijana wana pia "saundi", ama ya vyombo vya muziki, ama ile ya kumpiga mtu saundi, yaani kumlainisha kwa maneno matamu. Hiyo nayo ni mwana huyu huyu wa Kilatini. Kati ya maneno manne Kiswahili kiliazima moja tu, la sauti, na nadhani ndiyo sababu Mswahili akiona "sound" popote akili inakimbilia huko.

Sasa "the Sound" ya ramani. Kiingereza cha kale kilikuwa na "sund" nyingine, na lugha ya watu wa Skandinavia ilikuwa nayo pia. Maana yake ilikuwa kuogelea, na ina ukoo mmoja na "swim". Kwa Waskandinavia ikawa jina la maji membamba kati ya nchi kavu mbili. Wengi hueleza kwamba wazo ni maji unayoweza kuyavuka kwa kuogelea, nami naona wazo hilo limetulia. Utaliona mahali pengi kwenye ramani: Øresund kati ya Denmark na Sweden, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa ufupi tu "the Sound", Long Island Sound kule Marekani, Puget Sound, iliyopewa jina mwaka 1792 na nahodha George Vancouver kwa heshima ya ofisa wake Peter Puget.

Øresund inastahili kutajwa kwa kirefu kidogo, kwani ndiyo iliyolifanya neno hili litajwe katika kila bandari ya Ulaya. Karibu na mji wa Helsingør maji yale ni membamba, kama kilomita 4 tu kutoka ufuo hadi ufuo. Kuanzia mwaka 1429 mfalme wa Denmark aliamuru kila meli inayopita hapo ilipe ushuru, na ushuru huo ukaendelea kutozwa hadi mwaka 1857. Zaidi ya miaka 400 wafanyabiashara wa mbao, nafaka na chumvi walihesabu gharama zao kwa kuanzia na "Sound". Ndiyo maana hadithi za mabaharia wa kaskazini huandika jina hilo kwa herufi kubwa bila kueleza ni wapi. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa. Tazama hadithi yako: kama meli inatoka Bahari ya Kaskazini kwenda Baltiki, basi ni hapo.

Na jihadhari, wavumbuzi hawakuwa waangalifu kila mara. Milford Sound ya New Zealand si mlango wa bahari hata kidogo. Ni bonde lililochongwa na barafu, kisha bahari ikaingia. Jina lina "Sound", mahali penyewe ni fiyodi.

Limebaki la nne, mabaharia wako wa usiku kucha, nami nakiri hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kabla ya mitambo, nahodha aliyefika maji asiyoyajua alihitaji kujua jambo moja: chini ni mbali kiasi gani? Alitupa bildi, yaani kamba yenye risasi nzito mwishoni. Kamba hiyo ilikuwa imefungwa alama kila baada ya kipimo fulani, na alama hazikuwa za rangi tu, kwa sababu usiku rangi haionekani. Kwenye kamba za Waingereza, pima ya pili ilikuwa na kipande cha ngozi chenye ncha mbili, ya tatu ngozi yenye ncha tatu, ya tano kitambaa cheupe cha pamba, ya saba kitambaa chekundu cha aina nyingine, ya kumi ngozi yenye tundu. Baharia aliyesimama gizani, mikono imelowa na baridi, alisoma kina kwa vidole. Risasi yenyewe ilikuwa na shimo chini, na shimo hilo lilijazwa mafuta mazito ya mnyama. Ilipogusa sakafu ya bahari, mafuta yalinata mchanga, tope au vipande vya kombe, na nahodha aliyezoea maji yale aliweza kutambua alipo kwa kutazama tu kilichopanda na risasi.

Kazi hiyo ndiyo "to sound". Neno lilipitia Kifaransa, "sonder". Wataalamu wamegawanyika kuhusu lilikotoka kabla ya hapo: wapo wanaolipeleka kwenye Kilatini, kwa wazo la kwenda chini ya mawimbi, na wapo wanaosema Wafaransa walilipata kutoka kaskazini, kwa kuwa Kiingereza cha kale kilikuwa tayari na "sundgyrd", fimbo ya kupimia maji, na "sundline", kamba yake. Mimi niko upande wa hawa wa pili. Maneno hayo mawili ni ushahidi wa kushikika, na yakikubalika, basi kina na mlango wa bahari ni mabinamu, wote wana wa kuogelea.

Hapa Kiswahili kinakupa kitu ambacho lugha nyingi hazina. Kipimo chenyewe cha mabaharia, ambacho Waingereza hukiita "fathom", kwetu ni pima: urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, karibu mita 1.83. "Fathom" nayo kwa asili ni mikono iliyofunguliwa, kama ya anayekumbatia. Soma Matendo ya Mitume 27:28, merikebu ya Paulo ikiwa katika dhoruba: wakapima maji wakapata pima ishirini, wakaendelea kidogo wakapima tena wakapata pima kumi na tano. Biblia ya 1611 hapo imeandika "sounded" mara mbili. Kwetu kitenzi na kipimo ni neno moja, na kwa masikio yangu mstari huo una nguvu zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza.

Pima ya pili, ile ya ngozi yenye ncha mbili, ndiyo iliyompa Samuel Clemens jina la uandishi. Alikuwa rubani wa meli za mvuke katika mto Mississippi, ambako mpimaji aliita "mark twain" alama ya pili ilipofika majini: karibu mita 3.7, maji ya kutosha meli kupita. Akalichukua, akaandika kwa jina la Mark Twain.

Kutoka baharini kitenzi hiki kilipanuka kwa njia unayoweza kuifuata kwa mguu. Nyangumi akizama ghafla kwenda chini kabisa, wavuvi husema "he sounds". Madaktari wana kijiti cha chuma cha kupimia kina cha viungo vya ndani, nacho ni "sound". Na ukitaka kujua nia ya mtu bila kumuuliza wazi, unam-"sound out", yaani unampima. Wafaransa wamekwenda mbali zaidi: uchunguzi wa maoni ya wananchi kwao ni "sondage". Ni bildi ile ile, imetupwa katikati ya watu.

Basi maneno haya ya mbali yalikutanaje? Mengi yamefanywa na irabu. Kabla ya mwaka 1066 irabu fupi mbele ya "nd" zilirefushwa, "sund" ikawa "suund". Waandishi waliojifunza kwa Wafaransa wakaiandika u ndefu kwa "ou". Kisha, kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu zote za Kiingereza zilihama, na u ndefu ikafunguka ikawa "au". Kijerumani hakikupita huko, kwa hiyo kimehifadhi picha ya zamani. Weka safu mbili: Hund, Grund, Pfund, gesund za Kijerumani, na chini yake hound, ground, pound, sound za Kiingereza. Mbwa, ardhi, ratili na afya vilisafiri pamoja, kwa hatua zile zile. Neno la Kilatini liliingia likiwa na u ndefu tayari, likaokota d njiani, likakuta wenzake wamefika. Kulikuwa na la tano pia: "swoon", kuzimia, kwa muda lilipata d hiyo hiyo na kuandikwa "swound", hata "sound". Hilo lilijitoa, na nafikiri wasomaji walishukuru.

Shakespeare aliyaona maneno haya yakiwa yamekutana tayari, na katika tamthilia yake Hamlet, ya karibu mwaka 1600, aliyatumia kwa ufundi wa ajabu. Mfalme amewatuma vijana wawili wamchunguze Hamlet. Wanarudi wakisema hataki kuwa "sounded", yaani hapimiki. Baadaye Hamlet anampa mmoja wao filimbi aipige. Kijana anasema hajui. Hamlet anamkaripia: filimbi hii ndogo huiwezi, lakini mimi unataka ku-"sound" kuanzia noti yangu ya chini kabisa hadi ya juu. Katika kitenzi kimoja kuna kupiga ala ikatoa sauti, na kuna kutupa bildi moyoni mwa mtu. Na ngome ambamo haya yanatendeka ni Elsinore, ambayo ni Helsingør, ukingoni mwa Øresund, mahali pale pa ushuru. Mchezo wote umesimama juu ya "the Sound".

Baadaye maarifa yaliyakutanisha tena, safari hii kwa vitendo. Mwaka 1875 meli ya utafiti ya Uingereza, HMS Challenger, ilishusha kamba katika Pasifiki ya magharibi ikafika pima 4,475, zaidi ya mita 8,000. Ilikuwa kazi ya saa kadhaa kwa kipimo kimoja. Mwaka 1913 Mjerumani Alexander Behm alipata hataza ya njia nyingine: piga mlio, subiri mwangwi urudi kutoka sakafuni, hesabu muda. Katika maji ya bahari sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde mbili, chini ni mita 1,500. Kwa njia hiyo meli ya Kijerumani Meteor ilichora sakafu ya Atlantiki ya kusini kati ya 1925 na 1927. Waingereza huiita kazi hiyo "echo sounding". Ile "sounding" ni ya bildi, si ya sauti, ingawa chombo chenyewe ni sauti! Wasemaji wengi leo hawajui hilo, na "sonar", jina la mitambo ya kutambua vitu majini kwa mwangwi, ambayo s-o ya mwanzo wake ni ya "sound" ya mlio, imezidi kuwachanganya.

Niliwahi kuhariri tafsiri ya maelezo ya ujenzi ambamo "sound timber" ilikuwa imeandikwa "mbao zenye sauti". Mfasiri alikuwa hodari, na sentensi zake nyingine zilikuwa safi. Kamusi yake ndogo ilirundika maana zote chini ya kichwa kimoja, akachukua ya kwanza. Kamusi kubwa za Kiingereza huweka tarakimu ndogo kando ya kila "sound", kama kamusi zetu zinavyofanya kwa "paa" na "kaa". Tarakimu hiyo inakwambia umehama ukoo. Usisome mstari hata mmoja wa maana kabla hujajua uko kwenye tarakimu ipi.

Sarufi nayo itakusaidia. Likiwa kivumishi, karibu kila mara ni la uzima: -zima, timamu, madhubuti, au "barabara", kama hoja barabara. (Hata hili lina pacha wake, mkazo ndio unaolitenga na barabara ya magari.) Likiwa kitenzi na mbele yake kuna maji, kina au mtu wa kuchunguzwa, ni la kupima. Likifuatwa na sifa, kama "it sounds good", ni la kusikika. Mwingereza anaweza hata kusema "that sounds sound", ndugu wawili wa kufikia wameketi bega kwa bega, nawe utasema inasikika kuwa ni hoja madhubuti.

Kwa ukurasa wako, basi. Mabaharia walitia bildi usiku kucha. Usiandike "walipima" peke yake pale mwanzo, kwa kuwa msomaji anahitaji kuiona kamba ikishuka majini. Baada ya hapo "wakapima tena" inatosha. "The Sound", kama ni ile ya Denmark, iandike Mlango wa Øresund, ili msomaji ajue ni maji gani. Abiria walishuka salama salimini. Na kengele usiipe sauti. Ipe mlio. Sauti ingefaa kama kuna mtu anayeita pale bandarini, lakini katika hadithi hii, kwa ulivyoieleza, ni shaba peke yake inayogongwa.